Intavyu za redio za zamani: uanze na Studs Terkel, Desert Island Discs, Pacifica au American Archive?

Kuna swali linarudi rudi kwa wapenda redio, hasa hawa vijana wanaofungua podikasti na wakubwa wetu waliokulia na redio ya mkulima dirishani: hizi intavyu za redio za umma za Marekani na Uingereza, za kuanzia miaka ya arobaini mpaka themanini huko, sasa hivi zimemwagwa mtandaoni mpaka zimezidi, mtu anaingia anakuta maelfu ya vipindi, anagusa hiki dakika tano, kile dakika tatu, bando linakata, anafunga anarudi zake kuangalia vichekesho. Tatizo sio uvivu, ni kwamba hajui aanzie wapi na hakuna mtu amemwambia kwamba hizo maktaba hazifanani hata kidogo.

Nimechagua nne ambazo watu wanazitaja sana: Studs Terkel Radio Archive ya Chicago, Desert Island Discs ya BBC, Pacifica Radio Archives, na American Archive of Public Broadcasting ambayo kuanzia hapa naiita AAPB maana jina lake refu kama foleni ya Ubungo. Kila moja nitaipitisha kwenye vigezo vilevile. Nikisema hii imezidi hapa nitasema imepungua wapi, maana kila moja kati ya hizi nne ina mtu wake.

Vigezo kwanza

*Inafunguka ukiwa huku?* Hiki naweka cha kwanza kwa makusudi. Kuna maktaba ni hazina kweli kweli ila wanaangalia upo nchi gani, ukiwa Dodoma au Mombasa mlango haufunguki, sasa utamu wake utakusaidia nini. Humo humo uhesabu na bando: sauti ya MP3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128, inakula kama MB moja kwa dakika, kwa hiyo kipindi cha saa nzima ni MB 60 hivi, sio mwisho wa dunia lakini ukisikiliza kila siku utaiona kwenye salio.

*Nani anahoji na anahoji vipi?* Kwangu mimi hiki ndo kizito kuliko vyote. Watu wanachagua kwa jina la mgeni, ooh nataka kumsikia Muhammad Ali, sawa, lakini baada ya dakika kumi anayekushika au kukufukuza ni mwenye maiki. Mgeni mkubwa kwa mhoji mbovu ni saa nzima ya majibu aliyoshayatoa mahali pengine mara hamsini.

*Kanda zenyewe.* Ni za miaka gani, kimebaki nini, kimepotea nini. Msisahau zamani tepu ilikuwa ghali, redio nyingi duniani zilikuwa zinafuta kipindi cha juzi zinarekodi cha leo juu yake, na vingine vilienda hewani moja kwa moja bila mtu kurekodi.

*Kusachi na maandishi.* Kwa sisi ambao Kiingereza kimekuja baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, lafudhi ya Chicago ya mwaka 1961 ikichanganyika na mkwaruzo wa tepu sio mchezo. Maktaba yenye maandishi ya mazungumzo inakuokoa, unasoma huku unasikiliza.

*Ruhusa.* Hii ni kwa wenye podikasti na wanaotengeneza klipu. Bure kusikiliza sio ruhusa ya kukata na kubandika. Kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa 2018, rekodi za sauti zilizotolewa kati ya 1957 na katikati ya Februari 1972 zinalindwa mpaka 2067, kwa hiyo usidanganywe na mtu kwamba kitu kikiwa cha zamani basi ni cha wote.

Halafu mwisho wa kila moja nasema inamfaa nani.

1. Studs Terkel Radio Archive (WFMT, Chicago)

Kwa ambao hawamjui: huyu mzee jina lake halisi ni Louis, alizaliwa New York 1912, familia ikahamia Chicago akiwa mdogo, akasoma sheria akamaliza 1934 lakini hakuwahi kuifanyia kazi, akaingia kwenye maigizo ya redio. Baadaye akapata kipindi cha TV, kikakatwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwa sababu ya siasa, enzi zile Marekani ukisaini tu karatasi ya kupinga ubaguzi unaitwa mkomunisti, na yeye akaambiwa aseme alidanganywa kusaini akagoma. Kazi za TV zikakauka. 1952 akaingia WFMT, redio ya muziki wa klasiki, na hakutoka mpaka 1997. Miaka 45 kituo kimoja, vipindi zaidi ya elfu tano. Alifariki 2008.

*Kufunguka:* hakuna shida, haina geti la nchi na ni bure. Tovuti ilifunguliwa Mei 2018, siku ambayo angetimiza miaka 106, ikiwa na vipindi kama 1,200 na wakawa wanaongeza. Kanda zenyewe ni za jumba la makumbusho la historia la Chicago, na Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, ndo walisaidia kuzigeuza kuwa dijitali. Vipindi vingi vinakaribia saa nzima.

*Anayehoji:* hapa niruhusuni nikae kidogo, maana hapa ndo pana nyama.

Sikiliza intavyu yake na James Baldwin ya Julai 1961. Haanzi kwa kumsoma wasifu, mgeni wetu leo ni mwandishi mashuhuri aliyezaliwa wapi na wapi, hapana. Anaanza na muziki, anapiga rekodi ya Bessie Smith, yule mwimbaji wa blues, wimbo wa mtu ambaye mafuriko yamemchukulia nyumba, anauacha uende, ndo anamgeukia Baldwin amwambie wimbo huo umemletea nini kichwani. Na Baldwin anaanza kufunguka kuhusu alivyokuwa kijijini milimani huko Uswisi, kwenye theluji, na taipureta yake na rekodi za Bessie Smith, alivyokuwa anajaribu kuisikia tena lugha aliyokulia nayo ambayo kwa miaka alikuwa ameionea aibu. Yaani swali moja ambalo hata sio swali, na jibu lenyewe mtu angeweza kulifanya somo la muhula mzima. Alijuaje kwamba ule wimbo ndo ufunguo? Kwa sababu alikuwa anasoma. Terkel alikuwa maarufu kwa kusoma kitabu cha mgeni chote na kukichora chora kalamu kila ukurasa kabla mgeni hajafika studio. Wenye podikasti mnaohoji watu mkiwa mmesoma wasifu wao wa Instagram tu kwenye gari, mmenisikia.

Kingine, alikuwa anabeba rekoda anatoka. Agosti 1963 alipanda treni kutoka Chicago pamoja na watu waliokuwa wanaenda kwenye yale maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za weusi, akawa anarekodi humo humo kwenye mabehewa, unasikia treni, watu wanaimba, mama mmoja anaelezea kwa nini kaamua kwenda, hakuna mtu maarufu hapo. Na Martin Luther King alimhoji 1964 sio studio, ni nyumbani kwa Mahalia Jackson yule mwimbaji wa injili, ambaye Terkel alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Inasikika kabisa kwamba King hapo hajakaa kama mtu anayehutubia.

Sasa ubaya wake, maana haki ni haki. Terkel ana maneno. Kuna siku anamdaka mgeni katikati ya sentensi anaimalizia yeye, anarukia jambo jingine, anatoka Shakespeare anaingia jazi anarudi vyama vya wafanyakazi, na ana ile sauti ya mkwaruzo na kasi, ukiwa umechoka unampoteza. Na wageni wake wengi ni watu aliokuwa anawapenda, kwa hiyo usitegemee kumsikia akimbana mtu mpaka jasho limtoke.

*Kanda:* za hamsini mpaka tisini, nyingi zimesalimika kwa kiwango ambacho ni nadra sana, maana kituo kilizitunza.

*Kusachi na maandishi:* nzuri. Unaweza kutafuta kwa jina, kwa mada, na vipindi vingi vina maandishi yake pembeni.

*Ruhusa:* kusikiliza sawa, kukata uombe.

*Inamfaa nani:* anayetaka kujifunza kuhoji, na anayetaka kusikia Marekani ya wafanyakazi, wanamuziki na waandishi badala ya ile ya ikulu. Mtu anayeanza kabisa kusikiliza Kiingereza atateseka kidogo.

2. Desert Island Discs (BBC, London)

Wazo la kipindi ni jepesi mpaka unashangaa kwa nini hukuliwaza wewe: umetupwa kisiwani peke yako, chagua rekodi nane za kwenda nazo, kitabu kimoja (Biblia na Shakespeare unavikuta huko huko, hizo za bure), na kitu kimoja cha anasa ambacho hakitakusaidia kutoroka. Roy Plomley ndo alikibuni, kikaanza Januari 1942, vita ikiwa imepamba moto, na mpaka leo kinaendelea. Vipindi zaidi ya elfu tatu.

*Kufunguka:* hapa inabidi uwe mjanja kidogo. App ya BBC Sounds ilifungwa Julai 2025 kwa walio nje ya Uingereza, lakini kipindi chenyewe kinatoka kama podikasti, kwa hiyo unakipata kwenye app yoyote ya podikasti uliyonayo, unapakua kwenye waifai ya ofisini unasikiliza nyumbani. Vingi viko kati ya nusu saa na dakika arobaini na kitu, kwa bando ndo nafuu kuliko vyote hapa.

*Anayehoji:* wamebadilika, na hili watu hawaliangalii wanapochagua. Plomley alikaa mpaka alipofariki 1985, ni mtu wa adabu za zamani, anauliza taratibu kama mwalimu mkuu amekukaribisha chai, na miaka ya mwanzo kabisa mazungumzo yalikuwa yanaandikwa kabisa halafu yanasomwa, vita ilikuwa haina utani na mtu kusema ovyo hewani. Akaja Michael Parkinson kwa muda mfupi, halafu Sue Lawley 1988 mpaka 2006, huyu ana makali, haogopi kuuliza kuhusu ndoa na pesa. Kirsty Young 2006 mpaka 2018, na kwa maoni yangu huyu ndo bora wao, anauliza kitu kizito kwa sauti ya jirani yako uani. Tangu 2018 ni Lauren Laverne. Kwa hiyo mtu akikwambia nilisikiliza hicho kipindi kikanichosha, muulize cha mwaka gani.

Kinachofanya kazi hapo ni ile fomula yenyewe. Mgeni anadhani anaongelea muziki, kumbe anaongelea mama yake. Wimbo unapigwa kidogo, anakumbuka chumba, anakumbuka mtu, ulinzi unashuka. Na wengine wanajianika bila kujua: mwimbaji wa opera Elisabeth Schwarzkopf mwaka 1958 alichagua rekodi nane, saba kati ya hizo akiwa anaimba mwenyewe. Hapo hata mtangazaji hana haja ya kuuliza swali.

Ukitaka kuona fomula inavyomfuata mtu umri wake wote, mtafute David Attenborough, yule wa vipindi vya wanyama, amealikwa mara nne, 1957, 1979, 1998 na 2012. Hapo kuna kijana wa TV na kuna babu, na kisiwa ni kilekile.

Ubaya: fomula inabana. Dakika arobaini, rekodi nane, mgeni akianza tu kunoga unasikia haya na wimbo wa tano ni upi. Na kwenye podikasti nyimbo zimekatwa zimebaki vipande kwa sababu ya haki za muziki, kwa hiyo ile ladha ya kusikiliza wimbo wote hadi mwisho haipo. Halafu wageni, hasa wa zamani, ni tabaka moja la Waingereza: waigizaji, majenerali, wanasiasa, wenye vyeo. Mfagiaji wa London hayumo.

*Kanda:* hapa pana pengo kubwa. Vipindi vingi sana vya arobaini, hamsini na hata baadaye havikutunzwa. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba zaidi ya 90 vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana, vilikuwa vimerekodiwa na wasikilizaji majumbani kwao, yaani mtu na kaseti zake amewatunzia BBC historia yao wenyewe.

*Kusachi na maandishi:* tovuti yao inatafutika vizuri kwa mgeni, kwa wimbo, hata kwa kitabu na anasa, na orodha ya nyimbo za mgeni ipo hata pale ambapo sauti haipo. Maandishi ya mazungumzo yenyewe usiyategemee.

*Ruhusa:* BBC na muziki wa watu ndani yake, hapo usiguse kabisa.

*Inamfaa nani:* anayetaka kitu cha kusikiliza akiwa kwenye daladala au jikoni, anayenoa Kiingereza chake (matamshi ni safi, wanaongea mmoja mmoja), na anayetafuta fomula ya kuiga. Ndiyo, kuiga, mtu akianzisha hiki kitu kwa taarabu na rumba nitakuwa msikilizaji wa kwanza.

3. Pacifica Radio Archives (Los Angeles)

Lewis Hill, mtu aliyekataa kwenda vitani kwa imani yake, alianzisha taasisi ya Pacifica 1946, na Aprili 1949 wakawasha KPFA pale Berkeley, California. Kilichokuwa kipya ni nani analipa: sio matangazo ya sabuni, sio serikali, ni wasikilizaji wanachanga. Leo hiyo tunaiona kawaida, wakati ule ilionekana kama kichaa. Baadaye zikaja KPFK Los Angeles, WBAI New York, KPFT Houston na WPFW Washington.

*Kufunguka:* nusu nusu. Katalogi yao unaiangalia ukiwa popote, baadhi ya kanda ni za kununua nakala, lakini sehemu nzuri tu imepandishwa Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni, na huko unafungua bila geti, unapakua, unaondoka. Anza na mkusanyiko wa historia ya wanawake wa Marekani wa 1963 mpaka 1982, ni rekodi zaidi ya elfu mbili, hapo peke yake una kazi ya miaka.

*Anayehoji:* hakuna mmoja. Wengine ni watangazaji wa kazi, wengine ni watu wa kujitolea waliopewa maiki kwa sababu walikuwa na hasira ya jambo fulani. Kwa hiyo ubora unapanda unashuka kama umeme wa mgao. Lakini kuna kitu hakipatikani kwa wale wengine: wanafika mapema. Rosa Parks walimrekodi 1956, ule mgomo wa mabasi wa Montgomery ukiwa bado unaendelea, miezi tu tangu akamatwe Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Unamsikia akiwa bado hajawa sanamu, ni fundi nguo anayeeleza kilichotokea kwenye basi, taratibu, bila madoido. Intavyu za Rosa Parks za miaka ya themanini ziko nyingi na ni nzuri, ila hapo alishaisimulia mara elfu na yeye mwenyewe anajua watu wanataka kusikia nini. Tofauti yake ukiisikia mara moja huwezi kuacha kuisikia.

Na hawa walilipa gharama. KPFT ya Houston ilipigwa bomu kwenye mtambo wake wa kurushia matangazo mara mbili mwaka huo huo wa 1970 iliyoanza kurusha, na mtu wa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, akafungwa kwa hilo. WBAI nao walirusha vichekesho vya George Carlin mwaka 1973 vyenye matusi, mchana saa nane, ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ikaamuliwa 1978, na kesi hiyo mpaka leo ndo inayofundishwa ukitaka kujua redio ya Marekani inaruhusiwa kusema nini saa ngapi.

Ubaya: ni watu wa mrengo wa kushoto na hawafichi. Ukitaka kusikia upande wa pili umejieleza vizuri, sio hapa. Na kuna vipindi vinaburuza, mtu anaongea dakika arobaini hakuna wa kumwambia basi.

*Kanda:* zaidi ya elfu hamsini, kuanzia 1949. Sauti nyingine ni mbaya, maana zilirekodiwa kwenye kumbi na mitaani.

*Kusachi na maandishi:* hapa uwe na moyo. Maelezo ya kanda wakati mwingine ni mistari miwili, maandishi ya mazungumzo mara nyingi hakuna. Tafuta kwa jina la mtu kuliko kwa mada.

*Ruhusa:* wanauza leseni kwa watengeneza filamu na redio, kwa hiyo ukitaka kipande kihalali pana mtu wa kumwandikia, na hiyo ni nafuu kuliko kubahatisha.

*Inamfaa nani:* mtafiti, mwanaharakati, mwanafunzi wa historia, na mtu yeyote anayetaka kusikia tukio kabla halijawa historia. Wa kusikiliza huku anakata vitunguu apite.

4. American Archive of Public Broadcasting

Hii sio redio, ni ghala. Library of Congress na GBH, kituo cha umma cha Boston, wanakusanya kanda za redio na TV za umma za Marekani nzima, vituo vidogo vya majimboni ambavyo kanda zao zilikuwa zinaozea stoo. Mkusanyiko wa kwanza kabisa ulikuwa kama saa 40,000, na umekua mno tangu hapo. Chumba chao cha kusikilizia mtandaoni kilifunguliwa 2015.

*Kufunguka:* na hapa ndo tatizo, nalisema wazi. Chumba hicho cha mtandaoni kimefunguliwa kwa walioko Marekani tu, ni mambo ya haki. Ukiwa Arusha unasoma maelezo ya kipindi, unameza mate, basi. Msinitafute inboksi kuhusu VPN. Lakini ndugu zetu walioko Minneapolis, Houston, Columbus na kwingineko, nyie mna mlango wazi na wengi wenu hamjui hata kama upo.

*Anayehoji:* mamia ya watu, huwezi kusema mtindo ni huu. Ukitaka mfano mmoja wa kuanzia, kuna In Black America ya Austin, Texas, inayofanywa na John L. Hanson Jr. tangu 1980, mahojiano na Wamarekani weusi wa kila fani, na sio wale tu unaowaona kwenye mabango. Kuna pia kanda za WRVR, redio ya kanisa la Riverside la New York, miaka ya sitini, mahubiri na midahalo ya harakati za haki za weusi.

*Kanda:* ukubwa wake hauna mpinzani, na uzuri ni vile vituo vidogo: mkulima wa Nebraska analalamikia bei ya mahindi, wazee wa kabila fulani la wenyeji wanaongelea mto wao. Nani mwingine angeyatunza hayo.

*Kusachi na maandishi:* bora kuliko zote nne. Wametumia kompyuta kugeuza sauti kuwa maandishi, halafu wakaweka mchezo mtandaoni watu wa kawaida wakawa wanasahihisha makosa ya kompyuta. Kwa hiyo unaweza kutafuta neno likakupeleka mpaka ndani ya kipindi.

*Ruhusa:* wao ni watunzaji, sio wenye mali, kila kanda na kituo chake, ukitaka kutumia unaanza kumtafuta mwenyewe.

*Inamfaa nani:* mtu wa tasnifu aliyeko Marekani, na anayetafuta mji au jambo maalumu. Kwa anayetaka tu kuburudika ni sawa na kuingia Kariakoo bila kujua unanunua nini.

Na za kwetu je?

Najua mtauliza, wapi RTD, wapi Sauti ya Kenya, wapi Mambo Mbotela na Je, Huu ni Ungwana, wapi Pwagu na Pwaguzi, wapi Mama na Mwana. Sijaziweka kwenye ulinganisho kwa sababu moja tu, ulinganisho huu ni wa vitu ambavyo msomaji akimaliza kusoma anaweza kufungua akasikiliza kwa mpangilio, na za kwetu nyingi utakazokuta mitandaoni ni vipande vipande, mtu kapandisha kaseti ya baba yake, hakuna tarehe, hakuna jina la mtangazaji. Nimewahi kukuta klipu ya salamu za wagonjwa imeandikwa tu "zamani sana", na watu chini ya hapo wanabishana kama ni 1978 au 1985. Mwenye kaseti nyumbani, tafadhali andika mwaka na jina juu ya kasha kabla hujafanya lingine lolote.

Sasa chagua kwa hali yako

Kama una podikasti na unataka kuwa mhoji mzuri, anza na Terkel, Baldwin wa 1961 halafu King wa 1964, usisikilize wageni, sikiliza maswali, na hesabu mara ngapi ananyamaza. Ukishamzoea hamia kwa Kirsty Young uone jinsi mtu anavyofika mahali palepale kwa njia ya upole zaidi na kwa nusu ya muda.

Kama bando ndo linaamua, Desert Island Discs, pakua vitano kwenye waifai, na chukua vya miaka tofauti usije ukamhukumu Lawley kwa makosa ya Plomley.

Kama unasoma Kiingereza na unataka maandishi mbele yako, Terkel upande wa kuchagua vipindi vyenye maandishi, au AAPB kama uko Marekani. Desert Island Discs matamshi ni mepesi zaidi lakini utakuwa unaogelea bila boya.

Kama ni mwalimu wa historia unataka dakika kumi za kuwasikilizisha kidato cha tano kuhusu harakati za haki za Wamarekani weusi, ile treni ya 1963 ya Terkel inatosha, na Rosa Parks wa Pacifica ukimpata. Ukiweza cheza zote mbili, moja ni umati na nyingine ni mtu mmoja.

Kama unaandika tasnifu na uko huku nyumbani, Pacifica kupitia Internet Archive kwanza, AAPB tumia kama katalogi tu ujue kipi kipo, halafu kituo chenyewe mwandikie barua pepe. Wengine hujibu.

Na kama hujui unataka nini, unataka tu sauti ya watu wazima wanaongea vizuri wakati umeme umekatika na simu ina asilimia arobaini, chukua Desert Island Discs ya mgeni ambaye hujawahi kumsikia kabisa.